Tarehe Imo Ndani ya Kola

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limefungia kipande cha sabuni, usihangaike, nakusimulia kwa ufupi. Mdogo wake mama, mjomba wangu wa pekee (na kwa upekee huo namshukuru Mungu), alichukua mkopo wa kuangulia vifaranga. Vifaranga wakagoma. Mjomba akaaga kwamba anasafiri siku tatu. Huu ni mwezi wa nane wa siku tatu hizo.

Mtaani wanamwita Mkurugenzi. Amekuwa mkurugenzi wa kampuni ya kufua mazulia, mkurugenzi wa kampuni ya kuhamisha watu nyumba, na mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi iliyokuwa na mlinzi mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe, na aliibiwa.

Tulipoachana, ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mama yuko kwenye cherehani yake sebuleni, mimi nimejilaza kwenye kochi nikijifanya nakunja vitambaa, na mlango umegongwa mpaka kalenda ikaanguka.

Haya, tufungue.

Alikuwa mwanaume wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakaribia kukata, faili chini ya kwapa, kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake mzee mmoja mwembamba mwenye kamba begani, kamba nene ya kufungia makabati.

"Samahani kwa kugonga sana," akasema mwenye faili. "Nimeelekezwa nigonge sana."

"Nani kakuelekeza?" mama akauliza, mguu bado uko kwenye pedali.

"Fomu, mama. Mimi ni dalali wa mahakama. Fomu ya mkopo ya mdaiwa inasema hivi." Akafungua faili, akasoma kama anasoma taarifa ya habari: "Nyumba ya tatu baada ya karakana ya baiskeli, mlango wa bluu, kibao cha fundi cherehani. Ukifika gonga sana, maana cherehani ina kelele."

Mguu wa mama ukasimama.

"Gonga sana," mama akarudia polepole. "Maana cherehani ina kelele."

Akageuka kunitazama.

Wasomaji, hapa ndipo mahali pa kukiri, na nakiri mbele yenu kabla hajakiri mwingine kwa niaba yangu. Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga vyumba, na mashairi ya wavulana wanaodhani wasichana wanasoma mashairi. Mjomba alikuja dukani na fomu yake. Akasema, mahali pa makazi weka kwenu tu, mimi leo niko huku, kesho kule. Nikaweka. Na kwa kuwa napenda kazi yangu, nikaweka vizuri, na maelekezo juu.

Alininunulia soda. Niliiuza nyumba yetu kwa soda moja, tena haikuwa ya baridi.

"Karani," mama akaniita. Ndivyo anavyoniita akiwa na furaha na mimi. Ila safari hii furaha haikuwepo. "Tutaongea."

Kisha akamgeukia Dalali. "Hayupo huyo mtu. Hakai hapa."

"Anarudi lini?"

"Alisema baada ya siku tatu."

Dalali akaandika: siku tatu.

"Ni miezi minane sasa," mama akaongeza.

Dalali akafuta.

"Basi, mama, mdaiwa hayupo, lakini makazi yake ndiyo haya kwa mujibu wa fomu, na vitu vilivyomo vinahesabika ni vyake mpaka ithibitike vinginevyo. Nina amri hapa. Nitaandika orodha, nitabandika namba, mzee wangu atabeba. Msiniogope, sina ugomvi na mtu."

Na kweli hakuwa na ugomvi. Ndilo lililokuwa baya. Mtu mgomvi unamfukuza kwa kelele. Huyu alikuwa na adabu kama mchumba aliyekuja kujitambulisha, ila amekuja kuchukua kochi.

"Namba moja," akasema, akabandika karatasi ndogo ya njano. "Kochi."

"Andika na kopo," mama akasema.

"Kopo gani?"

"Mguu wa nyuma kushoto. Si mguu, ni kopo la rangi."

Dalali akainama, akaona kopo, akaandika.

"Namba mbili, redio."

"Andika hailii bila kupigwa kofi. Kofi la kulia. Ukipiga la kushoto inahama stesheni."

"Mama, unanishushia bei."

"Mimi ni fundi, ndugu yangu. Simpi mteja nguo bila kumwonyesha doa lilipo. Wewe unakwenda kuuzia watu vitu hivi, baadaye waje kunitukana mimi? Andika."

Akaandika. Namba tatu feni inayozunguka ikitaka. Namba nne saa ya ukutani iliyo sahihi mara mbili kwa siku. Namba tano kioo kinachonenepesha. Orodha ikajaa ukurasa, akafungua wa pili, na mzee wa kamba akawa ameketi chini kwa kuchoka kabla hajabeba hata kijiko.

Nilikuwa nacheka mpaka tulipofika namba tisa.

Namba tisa Dalali hakusema ni nini. Alibandika tu karatasi ya njano juu ya gurudumu la cherehani, taratibu, kama mtu anayemfumba maiti macho.

Mama akasimama.

Niwaeleze kidogo, maana hapa hakuna mzaha. Cherehani hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Ndiyo inayolipa kodi ya chumba hiki na kile cha nyuma. Na wiki hiyo mama alikuwa na oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata: majoho thelathini ya kwaya, ya zambarau, yanayotakiwa Jumamosi. Kumi na nane yalikuwa tayari yananing'inia kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlango wa chumbani, kama wageni wa heshima waliokosa viti. Kumi na mawili yalikuwa bado vitambaa. Malipo ya awali yalishakuwa kitambaa na uzi. Cherehani ikitoka, majoho hayaishi, na mama anakuwa na deni lake mwenyewe. Dalali angeweza kupumzika wiki moja tu, halafu arudi kwa fomu nyingine.

"Hiyo siyo ya mdogo wangu," mama akasema.

"Risiti unayo?"

"Risiti ya miaka kumi na saba? Hata cheti cha ndoa sijui kilipo."

"Na mume?"

"Naye sijui alipo."

Dalali akakohoa kidogo, akatazama faili. "Pole, mama. Lakini muda wa kupinga ulikuwepo. Ililetwa ilani. Inasema wazi: mkazi wa nyumba anayeona vitu si vya mdaiwa apinge ndani ya siku saba tangu alipopokea."

"Siku saba tangu lini?" nikadakia. Nachapa ilani kila siku mimi, najua zinavyozungumza. "Tarehe ya kupokea ni ipi?"

"Ipo kwenye nakala yangu." Akatoa nakala. Ilikuwa ile inayotoka chini ya karatasi ya kaboni, imefifia kama picha ya marehemu. Akaisogeza dirishani. Akaigeuza. Akavaa miwani, akaivua. "Ni tarehe tatu. Au nane."

"Kati ya tatu na nane kuna siku tano, kaka. Ukichukua tatu, muda umekwisha. Ukichukua nane, bado."

"Najua hesabu, binti."

"Na ukibeba kabla ya muda?"

Hapo uso wake ukabadilika. "Mwezi jana nilibeba friji siku moja kabla. Hakimu aliniagiza nilirudishe kama lilivyokuwa. Mwenye friji akasema lilikuwa na barafu. Nikanunua barafu." Akameza mate. "Siwezi kurudia. Ilani halisi mliyopewa ninyi iko wapi? Tarehe ilikolezwa kwa wino."

Mimi nikamtazama mama. Mama akatazama ukuta.

Kwenye ukuta kuna msumari mrefu ambapo mama hutundika pateni zake, zile karatasi zilizokatwa kwa umbo la mkono, mfuko, kola, za kuwekea juu ya kitambaa na kukata kwa kuzifuata. Fundi hatupi karatasi ngumu. Hata kadi ya harusi ya binamu yangu ilishakuwa kwapa la gauni la mtu.

"Ilikuwa karatasi nzuri sana," mama akasema kwa sauti ya chini. "Nikajua ni watu wa maji wanatangaza mgawo."

Akatungua pateni tatu, akampa. Dalali akazipokea kwa mikono miwili.

Ya kwanza ilikuwa mfuko, imeandikwa AMRI YA MAH. Ya pili ilikuwa kipande cha mkono, imeandikwa *unaarifiwa kwamba usipo*. Ya tatu ilikuwa nusu ya kola, na juu yake jina la mjomba wangu lililokatwa shingoni.

"Mama," Dalali akasema, "umeikata mahakama."

"Nimekata karatasi."

Akapiga magoti. Akavitandaza vipande sakafuni, akaanza kuviunganisha kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Mzee wa kamba akasogea kumsaidia. Mimi nikashika pembe isipeperushwe na feni, ambayo ilikuwa imeamua kuzunguka. Ilani ikarudi yote, isipokuwa chini kulia. Chini kulia ndipo penye tarehe.

"Hiki kipande kingine kiko wapi?"

Mama akaanza kunyoosha utepe wa kupimia ambao haukuwa umekunjika.

"Mama."

"Niliishiwa gamu," akasema. "Ile ya kutia ndani ya kola isimame. Joho moja tu! Nikatia karatasi kwa muda, nione umbo, nikasema nitabadilisha. Sikubadilisha."

"Joho lipi?"

Mama akainua macho kwenye kamba. Majoho kumi na nane ya zambarau yakatutazama, kola zote zimesimama wima, hakuna hata moja inayoonekana na hatia.

Sasa karatasi ikiwa ndani ya kola utaijuaje? Haionekani. Inasikika. Ukiikunja kidogo karibu na sikio, gamu inanyamaza, karatasi inakwaruza. Basi kama ungepita dirishani kwetu saa nane na nusu Alhamisi ile, ungeona watu wanne wazima, mmoja wao mtumishi wa mahakama, wakiminya kola na kuzitegea masikio.

"Hii imesema kitu," Dalali akasema.

"Hilo ni goti lako," mama akamjibu.

"Zima feni."

"Haizimiki. Iandike."

Nikakagua tano, mama sita, Dalali tatu kwa uangalifu wa daktari. Mzee wa kamba ndiye aliyeipata. Alikuwa hajasema neno tangu waingie. Aliiminya kola ya joho la mwisho karibu na dirisha, akafumba macho, akatabasamu.

"Hii inaongea," akasema.

Dalali akatoa mkono. "Fumua, mama."

Mama akakunja mikono kifuani. "Sifumui."

"Kwa nini?"

"Kufumua nafumua kwa wembe, dakika mbili. Kushona nashonea nini? Meno? Cherehani umeikamata wewe. Ina karatasi yako ya njano. Mimi raia mwema, siigusi mali ya mahakama."

Nikaona midomo ya Dalali ikihesabu. Bila tarehe hawezi kubeba. Bila kola hapati tarehe. Bila cherehani hapati kola. Alikuwa amejifungia mlango akiwa ndani.

"Naifungua kwa muda," akasema mwishowe.

"Maandishi," nikasema.

Akaandika. Niliyasoma mara mbili kwa raha: *Namba tisa imefunguliwa kwa kazi ya kola moja.* Akabandua karatasi ya njano kwa ukucha, akaishikilia hewani kwenye ncha ya kidole ili isipoteze gundi. Alikaa hivyo kidole juu dakika zote, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka.

Mama akafumua. Akavuta kipande. Akampa bila kukitazama, akarudi kwenye cherehani, akaanza kushona. Na niwaambieni mama yangu alivyo: kola ile alishona kwa mwendo wa konokono, na alipomaliza aliendelea na joho lingine, na Dalali hakuona kwa sababu alikuwa anasoma.

"Tarehe nane," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia barafu ikiyeyuka. "Alhamisi iliyopita. Siku ya kupokea haihesabiwi. Ijumaa moja, Jumamosi mbili..." Akahesabu kwa vidole vya mkono ulio huru. "Leo ni siku ya saba. Mna mpaka saa kumi."

"Tuna muda!" nikaruka.

"Mna saa moja na dakika kumi. Pingamizi naweza kulipokea mimi hapa hapa. Likipokelewa, vitu vyote vinabaki, cherehani inabaki, mpaka hakimu atakaposikiliza. Lisipopokelewa, saa kumi na dakika moja mzee anabeba. Mnajua kuandika?"

Mimi? Kuniuliza mimi kama najua kuandika pingamizi? Nilivuta karatasi, nikapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa ukingo wa rula ya mama. *Mimi fundi cherehani, mpangaji wa nyumba hii, natamka kwamba mdaiwa, ambaye ni mdogo wangu, haishi hapa, hana chumba hapa, hana kitu hapa.*

Mama akasoma juu ya bega langu. "Ongeza, wala aibu hana."

"Haimo kwenye utaratibu, mama."

Akasaini. Kisha akanishika bega, akalibana kidogo. Sikujua kama ni msamaha au ni kuniweka mahali nisikimbie. Nilichukua kama msamaha, nusu.

Dalali akalipitia. "Safi. Sasa shahidi. Mtu mmoja asiye ndugu, mwenye heshima zake, anayeijua nyumba hii, athibitishe kwamba mdaiwa haishi hapa."

"Mzee wa kamba?"

"Huyo ni wangu."

"Jirani wa kushoto yuko kazini. Wa kulia tumenuniana," mama akasema, kisha uso ukamchanua. "Mwalimu wa kwaya! Anakuja saa tisa kuangalia majoho. Kila mtu anamheshimu, na amekuja hapa kila siku kwa wiki tatu."

"Vizuri sana. Tutamngoja mwalimu." Dalali akavuta stuli aketi.

"Hiyo ni namba saba," mama akasema. "Imekamatwa. Inakaliwa?"

Akaitazama stuli. Akatazama kochi, namba moja. Akatazama maandishi yake mwenyewe. Akasimama wima. Kila kitu cha kukalia alikuwa amekikamata yeye.

Tukaketi sakafuni sisi watatu, tumeegemea ukuta, viti vyetu vitupu mbele yetu na namba zao za njano. Mama alikuwa anashona, maana ile kola moja ilikuwa bado haijaisha.

Saa tisa ikapita. Tisa na robo. Tisa na nusu. Mwalimu hajatokea. Mimi macho yamenitoka kwa kuangalia simu, maana saa ya ukutani nilishaieleza. Ilipofika saa kumi kasorobo mzee wa kamba akaanza kuifungua kamba yake. Mama yangu hakosei mshono. Mshono ulikwenda pembeni, akaufumua, ukaenda pembeni tena.

Hapo kivuli kikatokea mlangoni.

Mwanaume wa suti ya kijivu, viatu vinang'aa, sanduku mkononi, ndevu mpya zilizochongwa. Alisimama akatutazama sisi wa sakafuni, akatazama karatasi za njano, kamba, faili. Tabasamu alilokuja nalo lilibaki usoni, ila mwenye tabasamu alishaondoka.

Alikuwa mjomba.

Dalali, ambaye alikuwa amebeba jina lake siku nzima bila kuijua sura yake, akaruka juu kwa furaha. "Mwalimu! Ndiyo wewe mwalimu?"

Kuna watu ukiwaita kwa cheo ambacho si chao husema, hapana, umekosea. Mjomba wangu si mmoja wao.

"Ndimi mwenyewe," akasema.

Mama alimfikia kwa hatua mbili. Alikuwa na joho mkononi na pini mdomoni. "Mwalimu, umechelewa, vaa haraka tuone joho lako," akasema kwa meno, akamvisha juu ya suti, akaanza kubana. Pini ya kwanza ilimfanya mjomba arushe mabega.

"Ah!"

"Pole, mwalimu. Imeteleza."

Ikateleza ya pili. Nilihesabu mpaka nane, moja kwa kila mwezi.

"Mwalimu, tuna dakika kumi na mbili," Dalali akasema, akimsogezea pingamizi. "Ni ushahidi mdogo tu. Unathibitisha kwamba mdaiwa haishi nyumba hii. Unamfahamu?"

"Kwa kumsikia," mjomba akasema.

"Ni mtu wa namna gani?"

Nilifumba macho. Usimuulize mjomba swali hilo.

"Ni mtu mwenye maono," akasema, akajinyoosha ndani ya zambarau. "Watu hawakumwelewa. Kuangua vifaranga kisasa ni jambo la mbele sana, na kama umeme usingekatika..."

Mama akabana pini.

"...lakini ni tapeli," mjomba akamalizia haraka. "Tapeli mkubwa. Haishi hapa. Sijawahi kumwona hapa. Hata angekuwepo nisingemtambua."

"Vizuri sana," Dalali akasema, akampa kalamu yake ya pili, ile ya wino mzuri. "Saini hapo chini."

Mjomba akashika kalamu, akainua kiwiko kama anavyofanya akitaka kusaini. Nami nikakumbuka kwamba mjomba ana saini moja tu duniani, kubwa, yenye mikia mitatu, na kwamba saini hiyo hiyo ipo kwenye fomu ya mkopo, na fomu iko wazi mkononi mwa Dalali, shubiri mbili kutoka puani mwake.

Nikakohoa. Mama akakohoa. Mzee wa kamba naye akakohoa, sijui kwa nini, nadhani kwa adabu.

Mjomba akasita, kalamu juu ya karatasi.

"Hodi!" sauti nzito ikaita kutoka nje. Kisha mlango wetu, ambao wageni huwa tunawafungulia sisi na ambao upepo ulikuwa umeusukuma ukafungika, ukatikiswa mara mbili. "Hodi wenyewe! Mbona haufunguki?"

Na mjomba, bila kugeuka, bila kuwaza, akajibu kama alivyojibu miaka yote aliyokula ugali wa dada yake katika chumba hiki:

"Karibu ndani! Usiuvute huo, unyanyue kwa chini kisha uupige teke, sisi ndivyo tunavyoufungua!"

Mlango ukanyanyuliwa kwa chini. Ukapigwa teke. Ukafunguka.

Akaingia baba mnene, kitabu cha nyimbo kwapani, jasho usoni. "Nisamehe, mama, baiskeli imenitupa njiani. Nimekuja kuangalia majoho ya kwaya yangu." Akamwona mjomba. "Na huyu aliyevaa joho la mwimbaji wangu wa kwanza ni nani?"

Feni ikasimama.

Dalali alimtazama mwalimu aliyeko mlangoni. Akamtazama mwalimu aliyeko kwenye joho. Akautazama mlango kwa muda mrefu, hasa pale chini ulipopigwa teke. Kisha akafunga faili, akaangalia saa yake ya mkononi. Zilibaki dakika saba.

"Walimu wawili," akasema kwa adabu ile ile. "Si neno. Jambo jepesi hili. Kati yenu wawili, yupi anatuimbia?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa bado anahema.

Mjomba wangu akawa wa kwanza kunyoosha mkono.